Jalada la Handali

Lilikuja na basi la asubuhi, limefungwa kwa uzi wa kiroba,
jalada la kijani linalonuka moshi.
Mimi ni mtu wa masjala, huku Mtumba.
Nagonga muhuri, naandika tarehe, kila ombi nalipa namba,
nalipandisha ghorofa ya pili kwa wenye kalamu nyekundu.
Kusoma si kazi yangu.
Nililisoma.

Kikundi cha Muheme, Handali. Wanawake kumi na mmoja.
Mwenyekiti: Peresi Chidawali. Sahihi: dole gumba,
na pembeni ya dole, doa la unga wa uwele.

Dhamana? iliuliza fomu
(hata kwa ruzuku, fomu ni ileile).
Mtamba mmoja, mwekundu, hajazaa.
Soko lenu ni lipi?
Mvumi, Jumamosi.
Matokeo tarajiwa, kwa takwimu?
Hapo mtu aliandika, akafuta, akaandika, akafuta,
karatasi ikatoboka,
na chini ya tundu, kwa mwandiko wa mtoto wa shule:
Mvua ikija tutapiga. Isipokuja tutapiga zaidi.

Waliomba laki tisa na nusu.
Ngozi sita. Ngoma kubwa moja, iliyopo imeliwa na mchwa.
Njuga. Nauli.
Na mwishoni kabisa, nje ya jedwali:
Magunzi ya kukoka moto, ngozi zikaze. Haya tunayo.

Bibi yangu alikuwa na sugu mbili ndani ya mapaja,
moja kila upande.
Utotoni nilidhani kila mwanamke anazo.

Kamati ilikaa Alhamisi. Nilipeleka chai, nikachelewa kutoka.
Hawana namba ya mlipakodi, alisema mmoja.
Hawana hata akaunti, alisema wa pili.
Bwana Rweikiza wa hesabu akachovya andazi:
Mwamba ngoma, jamani, ngozi huivutia kwake!
Wakacheka. Nami nilicheka, sinia mkononi,
na hakuna aliyeuliza
ngozi, kwa sasa, iko upande gani wa meza.

Sisemi ni watu wabaya.
Mfuko ni mfuko, una kitako, ukiukung'uta utasikia vumbi.
Maombi mia tatu na kumi na mawili, fedha za arobaini:
mchonga vinyago wa Kondoa, wachekeshaji wa Mpwapwa,
kijana anayetaka kamera na hajasema ya nini.
Nilimwona Bi Sauda wa tathmini, saa mbili usiku,
upepo wa Agosti ukigonga madirisha,
akikata posho yake ya safari kwa rula,
mstari umenyooka kama reli.
Asubuhi Handali ilikuwa na laki nne.

Nne si tisa na nusu. Lakini ilikwenda.

Baada ya miezi sita tukadai ripoti,
na risiti za mashine, nakala tatu.
Hoseya Mkunda, muuza ngozi, hana mashine.
Aliandika nyuma ya karatasi ya kalenda, mwezi Machi:
Nimepokea fedha za ngozi tano. Ya sita nimewapa mwenyewe,
mama yangu yumo kwenye kikundi.
Bwana Rweikiza aliisoma mara mbili.
Akavua miwani, akaifuta, akaivaa,
akaandika pembeni: Ipokelewe.
Kwa kalamu ya bluu.

Ndani ya bahasha, chini kabisa,
kulikuwa na kipande cha khanga kilichofungwa fundo:
noti moja ya elfu mbili, na sarafu za mia tatu.
Chenji, aliandika mtoto wa shule. Asanteni. Tumepiga.

Hatuna utaratibu wa kupokea chenji.
Benki inataka namba ya malipo,
namba ya malipo inataka kifungu,
na kifungu hicho hakimo kwenye kitabu.
Fundo liko kwenye droo yangu, sijalifungua tena.
Nimeandika barua tatu kwenda juu kuuliza.
Zote nimezipa namba.